Wageni wa Vipepeo: Kikundi Kijitayarishe Namna Gani?

Miaka kadhaa iliyopita kikundi kimoja cha akina mama na vijana katika milima ya Taita kilipata habari kwamba wageni wanane watafika kukaa siku tatu. Hawakuja kuona ndovu wala simba. Walikuja likizo, na kazi yao ilikuwa moja tu: kuangalia vipepeo.

Kikundi kiliniita niwape shauri. Nami, kwa kuwa nilidhani najua, niliwaambia wafanye usafi. Vijana wakachukua mapanga, wakafyeka njia yote kutoka barabarani mpaka ukingo wa msitu, hatua mbili kila upande, na takataka wakazichoma. Akina mama wakajaza kokoto pale kwenye matope ya kijito ili mgeni asiteleze. Njia ikawa safi kama uwanja wa shule siku ya mkaguzi.

Wageni walipofika, kiongozi wao alisimama kimya. Alikuwa amepita hapo mwaka uliotangulia. Akauliza, "Maua yaliyokuwa hapa yako wapi? Na matope?" Tukatazamana. Siku ile hawakuona vipepeo wengi, na walirudi chini mapema.

Siku ya pili jua lilitoka vizuri. Mama mmoja mzee alisema kwamba nyuma ya zizi lake, pale mkojo wa ng'ombe unapotiririka, vipepeo hujaa kila siku wala yeye huwa hawajali. Wageni wakaenda mbio. Wakalala kifudifudi na kamera zao, watu wazima wenye mvi, saa nzima. Yule mama akanivuta kando akaniuliza, "Mwalimu, kweli hawa wamepanda ndege ili waje kulala kwenye mkojo wa ng'ombe wangu?" Tulicheka sana. Lakini jibu ni ndiyo. Na kosa la kufyeka lilikuwa langu, si la vijana. Ndiyo sababu naandika makala haya, ili kikundi chako kisirudie kosa lile.

HAWA NI WATU GANI?

Huko Ulaya na Marekani kuna watu wanaopenda vipepeo kama vile wengine wanavyopenda mpira. Wengi wao ni watu waliostaafu: walimu, madaktari, makarani. Hujiunga kikundi kidogo, wakalipia safari pamoja, na kupata kiongozi mmoja anayejua majina ya vipepeo. Mchana hutembea polepole, na jioni hukaa mezani na daftari wakihesabu aina walizoziona. Mtu akiona aina mpya ambayo hajapata kuiona maisha yake yote, furaha yake ni kama ya mtoto siku ya sikukuu.

Kwa nini waje kwetu? Fikiria hesabu hii. Nchi nzima ya Uingereza ina aina zipatazo 59 tu za vipepeo. Kenya tuna aina zaidi ya 800. Msitu wa Kakamega peke yake una zaidi ya 400. Kwa hiyo kitu tunachokipita kila siku tukienda kuchota maji, kwa mtu mwingine ni hazina ya kuvukia bahari.

KWA NINI MILIMANI?

Milima ya Taita ni mwanzo wa mlolongo wa milima ya kale inayoanzia kwetu, ikapita Pare na Usambara, ikaenda mpaka Udzungwa kule Tanzania. Katika mlolongo huo, Taita ndiyo sehemu iliyoko Kenya. Kilele cha Vuria kimefika mita 2,208 juu ya usawa wa bahari. Chini ni nyika kavu ya Tsavo, juu ni ukungu na baridi. Viumbe wa msitu wa juu hawawezi kuvuka nyika ile ya joto, kwa hiyo wamekaa peke yao kama watu wa kisiwani kwa muda mrefu mno, wakawa na sura zao wenyewe.

Ndiyo maana kuna ndege na mimea ya Taita isiyopatikana penginepo. Na kuna vipepeo pia. Mmoja wanasayansi wanamwita Cymothoe teita, yaani hata jina lake ni la milima hii. Mwingine ni mweusi mwenye mkanda wa buluu katika mabawa, wa jamii ya Papilio. Mtu akitaka kuwaona hao porini hana njia nyingine: lazima apande Taita.

Lakini tusijidanganye. Misitu hii imebaki vipande vidogo. Ngangao, ambao ni mmoja wa misitu mikubwa iliyobaki, ni kama hekta 120 tu. Vingine ni vidogo hata vinaweza kuzungukwa kwa miguu kabla ya chakula cha mchana. Kati ya kipande na kipande kuna mashamba, misonobari na mikaratusi. Kipepeo wa ndani ya msitu hapendi kuvuka uwanja wa jua kali. Kipande kikikatwa, vipepeo wake hawahami kwenda kwa jirani. Wanakwisha. Na wakiisha Taita, wamekwisha duniani.

KIPEPEO ANAHITAJI NINI?

Kikundi kinachotaka kupokea wageni hawa lazima kijue maisha ya kipepeo, kama vile mfugaji ajuavyo maisha ya kuku wake. Kipepeo hupita hatua nne: yai, kiwavi, pupa, kisha kipepeo mwenyewe. Kila hatua ina mahitaji yake.

Kwanza, mti wa kiwavi. Kipepeo jike hatagi mayai popote. Huutafuta mmea fulani, akaugusa kwa miguu yake, maana kipepeo huonja kwa miguu. Kama si mmea wake, anaondoka. Viwavi wa aina nyingi hula mmea wa aina moja au chache tu, wakikosa huo hufa. Kuna wale wa milimani ambao viwavi wao hula yale majani yanayowasha ambayo sisi hufyeka kwa hasira. Kwa hiyo ukifyeka majani yanayowasha yote, umefyeka vipepeo wa miezi ijayo. Ukipanda mikaratusi mahali pa miti ya asili, viwavi wa msitu hawana chakula hapo, hata kama kwa macho yetu ni kijani kibichi.

Pili, kinywaji cha kipepeo mkubwa. Wengi hunywa utamu wa maua. Wengine, hasa madume, hutafuta chumvi kwenye matope, mkojo na mavi ya wanyama. Na kuna jamii ya vipepeo wakubwa wenye nguvu, wanaoitwa Charaxes, ambao hawana haja na maua. Hao hupenda maji ya mti uliojeruhiwa, na matunda yaliyooza. Ndizi iliyoiva kupita kiasi, ukiiponda na kuiweka kwenye kisahani juu ya kisiki, inaweza kuwaita kutoka juu ya miti mirefu.

Tatu, jua. Mwili wa kipepeo hauna joto lake mwenyewe kama wetu. Kwanza hukaa na kukunjua mabawa aote jua, ndipo aruke. Milimani asubuhi kukiwa na ukungu, hakuna kitu. Ndiyo sababu wageni wa ndege hutaka kuamka usiku wa manane, bali wageni wa vipepeo hunywa chai bila haraka na kuondoka mnamo saa tatu. Saa zao nzuri ni kuanzia saa nne mpaka saa nane mchana.

Nne, kilele. Madume ya aina fulani hupanda kwenye vilele na kungoja majike hapo. Kwa hiyo kilima kidogo chenye uwazi juu ni mahali pazuri pa kupeleka wageni.

Wengine watauliza: "Viwavi si ndio wanaomaliza mahindi yetu?" Swali zuri. Wale viwavijeshi waliotuvamia mwaka 2017 ni watoto wa nondo, yule anayeruka usiku, wala si wa vipepeo hawa. Viwavi wa vipepeo wa msituni hula miti ya msituni. Wapo wachache wanaogusa shamba, kwa mfano wale wanaokula majani ya michungwa na milimau wakiwa kama kinyesi cha ndege wakiwa wadogo. Kama una mche mchanga, waondoe kwa mkono. Mti mkubwa hauna shida nao.

MAANDALIZI YENYEWE

Baada ya kosa letu, kikundi kile kilikaa chini na kupanga upya. Haya ndiyo waliyokubaliana, nawe waweza kuyafuata:

1. Njia ifyekwe upana wa mtu mmoja tu, na upande mmoja uachwe. Msichome moto. Maua ya kandokando yaachwe.

2. Matope ya kijito yaachwe wazi. Kama mgeni anaweza kuteleza, wekeni jiwe la kukanyagia au mkono wa kushika.

3. Chagueni vijana wawili wa kuongoza njia. Wasijaribu kukariri majina ya Kilatini siku moja. Waanze na vipepeo kumi, wajue kila mmoja anapatikana wapi, saa ngapi, na anakunywa nini. Mgeni anayo majina kitabuni. Asichokuwa nacho ni kujua mahali. Hiyo ndiyo elimu yetu, na ina thamani.

4. Wekeni daftari. Kila wiki andikeni tarehe, hali ya hewa na vipepeo walioonekana. Baada ya mwaka mtajua miezi mizuri. Kwa kawaida ni baada ya mvua, jua linaporudi. Katikati ya mwaka baridi na ukungu hukaa siku nyingi, na mgeni aambiwe hivyo kabla hajalipa.

5. Choo kiwe safi, chenye mlango unaofungika na maji ya kunawa. Maji ya kunywa yachemshwe. Chakula kiwe cha nyumbani, lakini safi na cha moto: wali, maharagwe, mboga, ndizi. Wageni wengi ni watu wa makamo, kwa hiyo tengenezeni benchi mbili au tatu njiani.

6. Ombeni ruhusa mapema. Kama msitu ni wa serikali, kiingilio ni cha Shirika la Misitu, si cha kikundi. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu wenyeji kuunda chama cha msitu na kukubaliana na Shirika namna ya kuutunza na kufaidika. Kikundi kidogo kikiwa ndani ya chama hicho kina nguvu. Kikiwa nje, kinaweza kufukuzwa siku yoyote.

MAMBO YA PESA

Hapa ndipo vikundi vingi huvunjikia. Katika safari ile ya kwanza, kampuni iliyoleta wageni ililipwa pesa nyingi huko walikotoka, na kikundi kikapewa bahasha isiyo na hesabu, ikaishia mkononi mwa mtu mmoja. Maneno yakaanza. Hatukuwa na mapatano yaliyoandikwa, kwa hiyo hatukuwa na la kusema.

Kabla ya wageni kuja, andikeni bei, mkubaliane na mwenye kuleta wageni, wote mtie sahihi. Natoa mfano wa kufanyia hesabu. Bei zenyewe ninyi mtazipanga kufuatana na mahali penu.

Tuseme wageni ni 8 na kiongozi wao 1, siku 3. Ada ya kikundi ni shilingi 500 kwa kila mgeni kwa siku: 500 x 8 x 3 = 12,000. Chakula cha mchana shilingi 400 kwa watu 9: 400 x 9 x 3 = 10,800. Waongoza njia 2, kila mmoja shilingi 1,000 kwa siku: 6,000. Jumla ya mapato ni shilingi 28,800.

Sasa matumizi. Kununua chakula, 6,000. Waongoza njia, 6,000. Wapishi 3 kwa shilingi 500 kwa siku, 4,500. Kuni, sabuni na maji, 1,300. Jumla 17,800. Kinachobaki ni shilingi 11,000.

Hizo 11,000 ni za nani? Jibu liwe limeandikwa kabla hazijaja. Kikundi kile kiliamua kwamba sehemu iende kwenye mfuko wa kikundi, sehemu kwenye kitalu cha miche ya asili, na sehemu wasaidiwe wanachama wenye shida. Malipo yote yaingie kwenye akaunti au kwenye namba ya simu iliyosajiliwa kwa kikundi, si ya mwenyekiti. Risiti iandikwe. Mweka hazina asome hesabu mbele ya wote wiki hiyo hiyo, wakati kumbukumbu bado ni mbichi. Na yule mama mzee mwenye zizi? Walikubaliana alipwe ada yake kila wageni wanapokwenda kwake. Hiyo ni haki. Mahali ni pake, ng'ombe ni wake.

JIHADHARINI NA WEZI

Si kila anayependa wadudu ni mgeni mwema. Mwezi wa Mei mwaka 2025, mahakama yetu iliwahukumu vijana wawili kutoka Ubelgiji faini ya shilingi milioni moja kila mmoja, au kifungo cha miezi 12, kwa kukutwa na chungu wapatao 5,000 ndani ya vichupa, wakitaka kuwasafirisha nje. Wengi walishangaa: chungu pia ni mali? Ndiyo. Wadudu wa Kenya ni mali ya nchi kama ndovu alivyo. Vipepeo ni hivyo hivyo, na yule asiyepatikana ila kwenye kilima kimoja ndiye anayewindwa zaidi.

Kwa hiyo wekeni kanuni: macho na kamera, ruhusa. Wavu, vichupa na bahasha za kuhifadhia, hapana, isipokuwa mtu ana kibali cha serikali mkononi nanyi mmekisoma. Mtu akiwapa watoto wenu pesa ili wamletee vipepeo, pigeni simu kwa maofisa wa wanyamapori. Shilingi mia moja za leo zisiwauzie mgeni wa kesho.

USITEGEMEE JAMBO MOJA

Kuna njia nyingine ya kupata pesa kwa vipepeo. Kule Gedi, karibu na msitu wa Arabuko-Sokoke, mradi wa Kipepeo ulianza mwaka 1993. Wakulima hufuga viwavi kwenye vizimba, wakauza pupa, na pupa hupelekwa ng'ambo kwa maonyesho ya vipepeo hai. Wakati huo majirani wengi wa msitu ule walitaka ukatwe wapewe mashamba. Walipoanza kupata pesa kutokana na msitu uliosimama, maneno yakaanza kubadilika. Kazi kama hiyo ilianzishwa pia Amani, katika milima ya Usambara Mashariki, Tanzania.

Lakini angalieni yaliyotokea. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku kusafirisha wanyama hai nje ya nchi, na vipepeo wakaingia humo. Wakulima wa Amani walikatiwa soko bila wao kuwa na kosa lolote. Kisha mwaka 2020 ugonjwa wa korona ukaja, ndege zikasimama, na wageni wakakosekana kila mahali. Anayeuza pupa alilia, anayepokea wageni naye alilia.

Kwa hiyo nasema wazi: msing'oe mahindi kwa ajili ya wageni. Msikope pesa kujenga nyumba za wageni kabla hamjapokea hata kikundi kimoja. Kazi hii iwe kama mayai ya kuku wa kienyeji: yakipatikana, yananunua chumvi, daftari na sabuni, lakini chakula cha nyumba kinatoka shambani. Nyuki, miche ya miti ya asili, mboga, na wageni mara chache kwa mwaka, hivyo vyote vikae pamoja. Na vyote, isipokuwa mboga labda, vinategemea msitu ule ule kubaki umesimama.

MWISHO WA HADITHI

Mwaka uliofuata wageni wengine walikuja. Njia ilikuwa nyembamba, imejaa maua. Kwenye kijito matope yalikuwa yametulia. Ilipofika saa tano kulikuwa na vipepeo mahali pale mpaka huwezi kukanyaga. Vijana wawili walionyesha kilele kidogo ambacho hata kiongozi wa wageni hakukijua. Jioni wageni walihesabu, wakahesabu tena, wakapiga makofi.

Jambo lililonigusa zaidi lilitokea baada ya wao kuondoka. Kwenye mkutano wa kikundi, mzee mmoja ambaye siku zote alikuwa akisema kipande cha msitu kando ya shamba lake kikatwe apande mikaratusi, alisimama akasema, "Kile kipande, kwanza tukiache. Tuone." Hakusema zaidi. Lakini mpaka nilipopita hapo mara ya mwisho, kilikuwa bado kimesimama. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Basi tujitayarishe vizuri, ili mwenyeji apone kweli, na msitu upone pamoja naye.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Karibu na kwenu vipepeo hujikusanya wapi, na saa ngapi? Nani kati yenu anajua zaidi? Je, mmewauliza watoto wachungaji?

2. Ni mimea gani mnayofyeka kila mwaka bila kujua nani anaila?

3. Msitu wenu uko chini ya nani: serikali, kaunti, au ukoo? Mmeshaongea naye?

4. Wageni wanane wakifika mwezi ujao, pesa zitapitia mkono wa nani, na nani atasoma hesabu?

5. Wasipofika kabisa, kikundi kitaendelea na kazi gani?